Shamba la Wakesho Mdogo

Kila mwaka, Jumamosi ya pili ya Januari, Donald Mwandawiro hukikagua kifo chake.

Hukaa kwenye meza ya sebuleni kwake Mwakingali, mjini Voi, akafungua sanduku la bati lenye kufuli, akatoa daftari la kurasa tisini na sita na kuusoma wosia wake kuanzia mstari wa kwanza hadi sahihi ya mwisho. Kilicholegea hukikaza, kilichooza hukiondoa. Biro nyekundu ni ya marekebisho, ya bluu ni ya tarehe. Kisha mashahidi wawili hutia sahihi, chai hunywewa, na kufuli hurudi mahali pake mpaka mwaka mwingine.

Tabia hiyo aliitoa relini. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mtu wa genge, kikosi cha kutunza reli, kwenye njia ya zamani, kwanza kibarua, baadaye nyapara. Kila asubuhi alitembea kipande chake cha reli kwa miguu, nyundo ndefu begani, akigonga na kusikiliza. Nati iliyolegea ina sauti yake, na taruma, gogo linalobeba reli, likioza lina sauti yake.

“Reli haikuambii kwamba imechoka,” alizoea kuwaambia vibarua. “Jua linaikunja, mvua inakula udongo chini yake, na wewe umelala. Kwa hivyo unaipitia hata kama jana ilikuwa nzima.”

Alistaafu mwaka 2006 na magoti mawili mabovu, bila treni hata moja kuanguka kwenye kipande chake. Sasa ana miaka sabini na mitano.

Wosia aliuandika mwaka 2009, wiki moja baada ya mazishi ya mfanyakazi mwenzake, ambako ndugu walianza kugawana mabati ya nyumba kabla wali wa matanga haujaiva. Donald alirudi nyumbani, akanunua daftari, akaandika. Mali yake haikuwa nyingi: nyumba ya Mwakingali, na shamba la ekari tatu huko Chawia, milimani, aliloachiwa na baba yake. Warithi wake nao hawakuwa wengi: mkewe Alice, binti yao Rachel na mwana wao Tom.

Kuandika kulikuwa kazi ya jioni moja. Kazi hasa ilikuwa kuhakikisha maandishi yanakwenda sambamba na maisha, na hapo Donald hakumwonea haya mtu. Kurasa za ukaguzi zinasomeka hivi: “2010: Ng'ombe wawili wameuzwa. Futa ng'ombe.” “2012: Redio imeibwa. Futa redio.” “2013: Tom ameoa. Mke anaitwa Immaculate. Ongeza.” “2015: Nimenunua ploti Birikani. Iwe ya Tom.” Na mwaka 2016, baada ya mazishi ya mkewe, kwa mwandiko uliopinda kidogo: “Alice ameniacha. Futa sehemu ya Alice.”

Jirani yake Abdulghani, mwenye duka la vitambaa karibu na stendi, amekuwa shahidi tangu siku ya kwanza. Babu yake alipanda kutoka Mombasa na marobota ya kanga akakwama Voi, na ukoo umekwama naye hadi leo. Kila Januari Abdulghani huingia na swali lile lile.

“Wafa tena, Donald? Mwaka jana si ulishakufa?”

“Nakagua tu.”

“Huu ni uchuro, bwana. Wauita mauti kwa jina lake, kisha wayakaribisha chai.”

“Mali bila daftari huisha bila habari. Methali yenu hiyo, si yetu.”

“Sisi mafungu yetu yalishakatwa kitambo na Mwenyezi Mungu. Hatuna haja ya biro nyekundu.”

“Na ile theluthi mnayoruhusiwa kuusia?”

“Hiyo nitaiandika nikizeeka,” husema Abdulghani, ambaye ana miaka sabini na miwili.

Shahidi wa pili alikuwa Mwakio, mzee mwingine wa reli, mtu wa kutia sahihi bila kuuliza. Mwakio alifariki Agosti iliyopita. Kwa hivyo ukaguzi wa Januari hii ulianza na pengo, na pengo hilo ndilo lililofichua mambo.

Siku yenyewe ilianza kwa furaha. Tom, fundi wa magari ya shamba la mkonge Mwatate, alifika na Immaculate na mtoto wao wa miezi miwili. Walikuwa wamengoja miaka kumi. Alikuwa msichana, na kwa desturi ya Wataita hakukuwa na haja ya kutafuta jina: mtoto wa kike wa kwanza huchukua jina la mama wa babake. Mama yake Tom alikuwa Alice Wakesho. Mtoto akawa Wakesho.

“Mke wangu amerudi,” Donald alisema akimpokea mjukuu kwa mikono yote miwili, kama babu anavyopaswa kusema. “Amerudi hana meno, lakini na mimi nimebakiza machache.”

Rachel alikuwa ameteremka kutoka Chawia alfajiri na kabeji sita, mihogo na mfuko wa maharagwe, na sasa alikuwa jikoni akiponda kimanga, mseto wa mihogo na maharagwe hayo. Ana miaka arobaini na mitatu. Miaka kumi na moja iliyopita aliacha kazi ya kuuza katika duka la dawa mjini akapanda mlimani kumwangalia nyanya yake, mama yake Donald, ambaye alikuwa mgonjwa. Nyanya alipokwisha kuzikwa, Rachel alibaki na shamba. Naye pia ni Wakesho, kwa desturi ile ile, kwa jina la nyanya huyo aliyemuuguza.

Badala ya Mwakio alikuja Nasima, binti yake Abdulghani, mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari mjini. Na kwa kuwa Donald alikuwa ameikalia miwani yake mwenyewe siku ya Mwaka Mpya ikavunjika, alimwomba Nasima amsomee wosia, polepole, hapo pembeni, kwa sauti ya chini. Kwa miaka kumi na minne hakuna aliyekuwa ameusikia. Ulikuwa wosia wa kufungwa, si wa kusomwa.

Lakini mtu aliyezoea kuwasomea watoto arobaini na wanane kwa wakati mmoja hajui kunong'ona. Nasima alikohoa, akashika daftari mbele yake kama kitabu cha ufahamu, akaanza. Jikoni mwiko ulinyamaza.

“‘2014: Tom na Immaculate, hakuna badiliko,’” alisoma. “‘2015: Tom na Immaculate, hakuna badiliko. 2016...’”

“Ngoja, ngoja,” alisema Immaculate. “Hiyo imeandikwa mara ngapi?”

Nasima alipekua. “Mara tisa, dada.”

“Baba! Kumbe wakati wote huo ulikuwa unanikagua?”

“Nilikuwa naandika hali ya njia,” alisema Donald, na masikio yakamwaka moto.

“Haya, andika basi. Treni imepita!”

Hata Abdulghani, ambaye alikuwa na kaimati mdomoni, alilazimika kusimama apate pumzi. Donald mwenyewe alicheka. Alijisikia vizuri. Alifikiri kwamba pengine alipaswa kulifungua sanduku hili mapema, miaka mingi iliyopita.

Nasima alirudi kwenye wosia wenyewe, ule wa 2009, ambao mengi yalikuwa yameongezwa kando yake lakini haukuwa umeandikwa upya. Nyumba ya Mwakingali iwe ya Tom. Vyombo vya seremala viwe vya Tom. Kisha akafika mahali penyewe.

“‘Shamba la Chawia, lote, kutoka mfereji wa juu hadi jiwe la mpaka la chini, liwe la Wakesho Mdogo.’”

Immaculate alimwinua mtoto juu. “Umesikia, mama? Umezaliwa Novemba, Januari una shamba!”

“Tumeshukuru, Baba,” alisema Tom akicheka. “Kalamu ya mzee haikosei.”

“Si huyo,” alisema Donald.

“Si yupi?”

“Si huyo Wakesho Mdogo ninayemsema.”

Tom alitazama huku na huku kama mtu aliyepoteza ufunguo. “Baba, humu ndani Wakesho Mdogo ni mmoja. Ameshiba maziwa na sasa anataka kulala.”

Hapo Donald alisikia sauti aliyoijua tangu ujana wake, sauti ya nyundo inapopiga taruma ambalo nje ni zima na ndani ni unga.

Mwaka 2009 hakukuwa na utata. Nyumbani Voi walikuwako Wakesho wawili, Alice na binti yake. Ili wasiitike wote mtu akiita, mama aliitwa Wakesho Mkubwa na Rachel akaitwa Wakesho Mdogo. Jirani wote walijua. Alipoandika “Wakesho Mdogo” aliona sura ya Rachel, na kila Januari alipopita mstari ule aliiona sura ile ile akaendelea mbele. Alifuta ng'ombe, akafuta redio, akafuta mke. Lakini mke alipofutwa, Rachel hakuwa mdogo wa mtu tena. Na mtoto alipozaliwa mwezi Novemba, ukoo mzima ulianza, bila kikao wala kura, kumwita Rachel Wakesho Mkubwa. Jina lilikuwa limehama kutoka mtu mmoja kwenda mwingine, likalibeba shamba.

“Ni Rachel,” alisema. “Wakesho Mdogo ni Rachel.”

Rachel alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, mwiko mkononi. Tom aliacha kucheka.

“Sawa, Baba. Mimi simwonei dada,” alisema. “Lakini tuseme ukweli. Yule Maundu wa Njukini anapita Chawia kila wiki.”

Maundu ni mchuuzi wa maharagwe aliyefiwa na mkewe, mtu mpole mwenye pikapu ya kijani. Kwa mwaka mzima amekuwa akipata sababu za kupita Chawia, ingawa Chawia haiko njiani kwenda soko lolote analouzia.

“Anapita, ndiyo,” alisema Rachel.

“Ataleta wazee. Utaolewa, utaenda Njukini. Halafu shamba la babu litakuwa la kina nani? Afadhali hata liwe la huyu mtoto. Huyu ni damu ya hapa.”

“Na mimi ni damu ya wapi, Tom? Ya kuazima?”

“Sijasema hivyo.”

“Umesema.” Rachel aliweka mwiko juu ya meza, pembeni mwa daftari. “Maundu alitaka kuleta wazee tangu Juni. Mimi ndiye nimemwambia asubiri. Unajua ni kwa nini? Kwa sababu nilijua siku nitakayovaa kanga ya mtu, utasema maneno haya haya. Nimekaa Chawia miaka kumi na moja. Nimepanda miti ambayo haizai mpaka mwaka wa saba. Na sijui nalima la nani.”

“Nimeandika, Rachel,” alisema Donald. “Tangu mwaka 2009 nimeandika.”

“Umeandika ukafunga na kufuli, Baba! Hukuniambia. Mwaka ule Mwakio alipolazwa, uliniita nije nitie sahihi, ukaufunika ukurasa wote na gazeti. Nilitia sahihi kwenye kidirisha!”

“Na gazeti lenyewe lilikuwa la wiki iliyopita,” alisema Abdulghani. Alipoona hakuna aliyecheka, aliongeza kwa upole, “Kinyozi hajinyoi, Donald. Wewe umewakagua watu wote.”

Donald alinyoosha mkono akaomba daftari. Alilifunga. Zamani, alipokuta reli imevunjika, hakubishana na mtu wala kutafuta wa kulaumiwa. Alichomeka bendera nyekundu katikati ya njia na kila kitu kikasimama.

“Leo hakuna sahihi,” alisema. “Njia imefungwa. Leteni kimanga.”

Walikula. Kilikuwa kimanga kizuri, na hakuna aliyekisifu.

Jumanne iliyofuata mzee alimpigia simu Tom. Alimwambia aombe ruhusa kazini na aje na gari, kwa sababu wanapanda Chawia.

“Kufanya nini, Baba?”

“Kukagua.”

Magoti yalikuwa yamemzuia Donald kufika shambani kwa miaka miwili. Tom mwenyewe, aliyekaa Mwatate, mwendo usiotimiza saa moja, alikuwa hajafika tangu mazishi ya nyanya. Rachel aliwakuta getini, akashangaa, akawapa fimbo mbili na kuwaacha. Alikuwa na kazi.

Walianzia mfereji wa juu. Ukungu ulikuwa bado haujainuka kutoka msituni, na ardhi ilikuwa nyeusi na laini. Donald alimwambia mwanawe amwonyeshe mpaka wa shamba la babu yake. Tom alitazama kulia, akatazama kushoto.

“Pale kwenye ndizi?”

“Hizo ndizi ni za jirani.”

“Basi hapa.”

“Hapo ni choo cha jirani.”

Waliteremka polepole. Donald alikumbuka mteremko mtupu ambao kila masika ulipeleka udongo wake kwa watu wa chini. Sasa palikuwa na matuta tisa ya mawe, kila tuta likifika kiunoni, yamepangwa vizuri kiasi kwamba aligonga moja kwa fimbo, akasikiliza, akaridhika. Juu ya matuta kulikuwa na kabeji, maharagwe na mahindi. Pembeni, miparachichi thelathini na miwili na mimakadamia kumi na minane, mingine tayari imezaa. Bomba jeusi lilitoka mferejini, likapita kati ya mistari na kuishia kwenye pipa.

“Nani amejenga haya mawe?” aliuliza Tom.

“Unafikiri ni nani?”

Tom aliinama, akajaribu kuinua jiwe moja lililoanguka pembeni. Ni fundi, mikono yake imezoea injini. Aliliinua hadi gotini, akalirudisha chini.

“Yeye anayainua haya?”

“Anayabingirisha, kwa mti,” alisema Donald. Hakuwa na hakika, lakini hivyo ndivyo alivyowahi kumfundisha Rachel kusogeza mataruma alipokuwa msichana wa miaka kumi akimletea chakula kazini.

Walipofika kwenye jiwe la mpaka la chini, Tom aliketi juu yake kwa muda mrefu. Alikuwa ametokwa na jasho licha ya baridi.

“Baba, mimi kwa hili shamba ningefanya nini?”

“Ungelikodisha.”

“Ningelikodisha,” Tom alikubali. “Na huyo mtu angelima kabeji mpaka mawe yaanguke.” Alifuta uso. “Lakini usimwambie Rachel kwamba nimeshindwa na jiwe.”

“Nitaandika kwenye daftari.”

“Baba!”

Alhamisi mzee alikwenda kwa wakili. Ofisi iko ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na wakili ni mwanamke wa makamo anayesoma karatasi huku ameinua nyusi moja. Alilisoma daftari lote. Ilimchukua dakika arobaini, na katika muda huo ile nyusi haikushuka.

“Mzee, wewe ni mtu makini sana,” alisema hatimaye. “Nimeona watu wenye magorofa ambao hawajaandika hata mstari mmoja. Lakini daftari hili lingewapa watoto wako kesi ya miaka kumi.”

“Kwa sababu ya jina?”

“Jina kwanza. Pengine mahakama ingeelewa kwamba mwaka 2009 huyu mtoto hakuwapo. Lakini wewe kila mwaka ulitia sahihi upya. Ukitia sahihi upya unasema maneno yote haya ni ya leo. Ungetia Jumamosi ile, maneno ‘Wakesho Mdogo’ yangesomwa kwa maana ya leo. Na leo Wakesho Mdogo ni nani?”

“Hana meno,” alisema Donald.

“Haya. Pili, masahihisho. Mengine yana sahihi yako peke yako pembeni; mashahidi wametia chini tu. Ukibadilisha wosia, badiliko linahitaji mashahidi wawili kama wosia wenyewe, na wawe wanakuona ukitia sahihi. Hapa redio imefutwa bila shahidi.”

“Redio iliibwa.”

“Basi mwizi amekusaidia. Na mwaka 2019 nani alishuhudia?”

“Abdulghani. Na Rachel.”

“Rachel ndiye huyu wa shamba?” Wakili aliweka kalamu chini. “Sheria haitaki anayepewa awe ndiye shahidi. Zawadi yake inaweza kuanguka. Ulimwita mwanao aje kujinyima kwa mkono wake mwenyewe, mzee, na bila kujua.”

Nje mtu alikuwa akipakua mabati kutoka lori, moja moja, kwa kelele.

“Relini,” alisema Donald, “taruma likioza hatulipigii misumari mipya.”

“Mnafanyaje?”

“Tunaling'oa.”

“Basi tung'oe,” alisema wakili, akavuta karatasi nyeupe. “Tunaanza kwa kusema kwamba wosia wote uliotangulia umebatilika. Halafu kila mtu kwa jina lake kamili na nambari ya kitambulisho. Mtoto tutamtambulisha kwa tarehe ya kuzaliwa na majina ya wazazi wake. Hatutaki Mkubwa, hatutaki Mdogo. Na shamba: ni la Rachel kwa sharti gani?”

“Sharti?”

“Wengine huandika ‘mradi asiolewe’.”

Donald alifikiri juu ya mawe yale. Alimfikiria Alice, aliyeolewa akatoka kwa baba yake na sufuria mbili, na ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza kama angependa kubaki na kitu huko alikotoka.

“Andika hivi,” alisema. “Aolewe asiolewe.”

Kulikuwa na kikwazo kimoja zaidi. Rachel alipotuma picha ya kitambulisho chake kwa simu, jina lilisomeka “Wekesho”. Alikuwa ametembea nalo tangu akiwa na miaka kumi na minane. Alisema hakuona haja ya kulirekebisha kwa kuwa kila mtu anamjua. Wakili aliposikia maneno hayo, aliinua nyusi zote mbili. Basi iliandikwa kwa ukamilifu kwamba Rachel Wakesho Mwandawiro ndiye pia Rachel Wekesho Mwandawiro, mwenye nambari fulani, binti yake Donald na marehemu Alice, na aliagizwa akashughulikie kitambulisho kabla ya mvua za masika.

Sahihi zilitiwa Jumatano ya wiki iliyofuata. Chumbani waliingia watatu tu: Donald, Abdulghani na Nasima. Rachel, Tom, Immaculate na mtoto walibaki kwenye benchi la varanda, kwa amri ya wakili.

“Leo nashuhudia kwa miwani, si kupitia gazeti,” alisema Abdulghani, akitia sahihi yenye mikia mingi. Kisha alibaki ameshika kalamu, akiitazama. “Mama wakili, ile theluthi yetu... mtu aanza vipi kuiandika?”

“Baba!” alisema Nasima. “Umezeeka lini?”

“Ghafla tu, mwanangu. Hivi sasa.”

Donald hakungoja majibu. Alichukua nakala yake, akatoka varandani. Alikuwa amepanga kuikunja na kuitia mfukoni. Mkono ulikuwa tayari umeshaanza. Aliuzuia. Aliifungua karatasi, na kwa miwani mipya akaanza kusoma, kwa sauti iliyowafanya wapakuaji wa mabati kule chini kusimama. Alisoma nyumba, akasoma ploti ya Birikani. Alisoma kwamba mjukuu wake, aliyezaliwa tarehe kumi na tisa Novemba, ana mng'aro wa nyanya yake na atapewa cherehani ya nyanya yake. Wakili alikuwa amejaribu kuuondoa mng'aro akashindwa. Kisha alisoma shamba.

“‘...liwe la Rachel Wakesho Mwandawiro, lake mwenyewe, aolewe asiolewe, na asiulizwe na mtu.’ Tom, umesikia?”

“Nimesikia, Baba.”

“Una neno?”

“Nina neno.” Tom alimgeukia dada yake. “Lile tuta la chini kabisa linaelemea upande mmoja. Nikija na jeki ya lori, tutalisimamisha kwa siku moja.”

“Umelionaje wewe?” aliuliza Rachel.

“Nimekagua.”

Rachel alimtazama baba yake, halafu karatasi, halafu tena baba yake. Hakulia, ingawa Immaculate, aliyekuwa amejiandaa, alikwisha kumkabidhi leso ya mtoto. Alitoa simu, akabonyeza, akangoja.

“Maundu? Uko wapi? Taveta?... Sikiliza. Waambie wazee wako waje... Ndiyo, nimesema waje. Mwezi ujao, baba yangu atakutajia siku.” Alisikiliza, akaanza kutabasamu. “Hapana. Waje Chawia, siyo Voi. Na wewe tafuta mtu wa kukuangalizia nyumba ya Njukini, kwa sababu mimi sihami. Utahama wewe.”

Sauti ya Maundu ilisikika mpaka kwenye benchi. Alikuwa anauliza kama huko juu kuna baridi.

“Ipo sana,” alisema Rachel. “Njoo na koti.”